Usimjibu Bado Habari ya Matairi

Ubaruku, jioni

Mwanangu Subilaga,

Hali yako sikuulizi, maana umetoka hapa sasa hivi ukilalamika kwamba Neema akisuka anavuta, na kesho utasafiri macho yametanuka kama ya bundi. Yangu nayo unaijua. Mgongo. Tangu juzi tunapandikiza mpunga kwenye jaruba la mbali, na leo nimewaachia wenzangu kazi mapema. Wamenung'unika, na wana haki. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda, karatasi iko juu ya ungo, ungo uko juu ya magoti. Ukiona mwandiko umepinda, ni ungo.

Habari za sabuni, kanga na vyakula vya barabarani nimekwisha kukuambia kwa mdomo mpaka umeniambia, "Mama, nimesikia." Sitaziandika. Barua hii naitia katikati ya gauni lako la bluu. Ukiikuta njiani isome tu, ila usiisome kwa sauti ndani ya basi.

Nataka tuzungumze juu ya matairi. Utacheka. Cheka, halafu endelea kusoma.

Siku ile msimamizi wa shamba la njia ya Idodi alipokuja kwenye mashine ya kukoboa, akakuona unavyomgeuza Jogoo, kikatapila chetu, kati ya magunia bila kugusa hata moja, mimi nilikuwa kando napepeta. Nilisikia maneno yenu yote.

"Shamba letu limepata mashine kama hii," alisema. "Mpya. Ila imekuja na matairi ya kuisogezea tu, ya kazi bado hatujaagiza. Wewe ungechukua yapi, membamba au mapana?"

Hukungoja hata afunge mdomo. "Mapana, mzee. Mapana kabisa."

"Haya. Ukifika tutaagiza hayo."

Ungo ukanisimama mkononi. Si kwa kuwa ulikosea. Huenda hukukosea. Ni ile sauti. Ile sauti ya mtu asiyetaka aulizwe mara ya pili niliijua, ilikuwa yangu.

Na unajua kinachokungoja ukishindwa huko. Wamekuweka kwenye majaribio mpaka mavuno. Dereva mwanamke hawajawahi kuwa naye. Ukiwapasulia matairi mwezi wa kwanza hawatasema tairi halikufaa, watasema ni msichana. Na baba yako mdogo alikubali uende kwa sharti lake. Ulikuwepo akilitamka huku anachokonoa meno: "Aende akajaribu hiyo kazi ya kiume. Wakimrudisha kabla mpunga haujaiva, maneno yamekwisha, anakwenda kwa Masanja." Na yule ng'ombe mwekundu na ndama wake waliletwa zizini kwetu tangu Krismasi, kama neno la kuanzia posa, kwa ajili ya Luhende mtoto wa Mzee Masanja. Luhende si kijana mbaya. Ana adabu, na mto ulipojaa alimvusha bibi yako mgongoni. Lakini wewe hukumtaka. Ulisema wazi, na mimi nilisikia, hata kama siku ile nilijifanya napuliza moto.

Mimi nilikuwa na umri wako huu, kasoro kidogo, nilipokuzaa. Pale sokoni Chimala watu bado wanatuuliza kama sisi ni dada na mdogo wake. Halafu wananitazama usoni vizuri, wanaacha kuuliza.

Kwa hiyo sikiliza, nikueleze jinsi mama yako alivyochagua matairi.

Baba yako alikuwa hajamaliza mwaka tangu atutoke, na Ipyana alikuwa bado ananyonya. Watu wa mradi wa mpunga wakatuletea Jogoo kwenye lori. Unakumbuka alivyoshushwa: kikatapila kifupi, beleshi kubwa mbele, magurudumu manne yasiyokata kona. Kikitaka kugeuka, ya upande mmoja yanasimama, ya upande wa pili yanakwenda, kinazunguka hapo hapo kilipo. Nyie watoto ndio mliokiita Jogoo, kwamba kinazunguka kama jogoo anayemshushia bawa tetea. Kazi yake ilikuwa kuzoa tope kwenye mifereji na kutoa magunia majarubani.

Mtaalamu aliyekuja nacho akasema matairi tuchague wenyewe, kwa kuwa udongo ni wetu. Akatuachia picha mbili. Tairi moja jembamba, refu, lenye meno marefu. La pili pana kama godoro, la upepo mdogo, linalolalia tope badala ya kulikata.

Kamati ikakutana. Mimi niliingizwa humo kwa sababu ilitakiwa awepo mwanamke, na mwanamke anayesoma barua za mradi bila kutafuta mtu wa kumsomea nilikuwa mimi, na darasa langu la nne la misheni. Mzee Masanja akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Ndugu zangu, tuchukue mapana."

"Sababu?" mwenyekiti akauliza.

"Sababu yakichoka yanatoa katambuga nyingi. Lile jembamba utapata za mtoto tu, tena mguu mmoja."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Na pale pale matairi mapana yakawa yamekufa. Nani tena angeyatetea akaambiwa anatafuta viatu?

Nikasimama. Mikono nikaificha ndani ya kanga. Nikawaambia kwetu Rungwe mvua haina mwezi wake, na lori la kahawa likikwama dereva hatafuti tairi pana. Tairi pana linateleza juu ya tope kama mtu mwenye ndala. Anafunga minyororo kwenye tairi jembamba, linakata tope, linakata, mpaka linafika chini penye changarawe, ndipo linashika. Nikawaambia malori hayo nimeyasukuma kwa mikono yangu tangu mtoto. "Tope lina chini yake," nikasema. "Tuchukue tairi la kufika chini."

Walinipigia makofi. Subilaga, sijui kama unaelewa makofi yale yalivyonifanya. Nilirudi nyumbani nikapika ugali nao ukaungua.

Na sikusema uongo hata neno moja. Yote yale ni kweli, kule kwetu. Ila udongo huu mweusi wa Usangu ukilowa hauna chini. Nilikuwa nimelima humu miaka, nazama mpaka magotini kila masika, na sikuwahi kujiuliza mguu wangu unasimama juu ya nini. Nilikuwa nakaa huku, lakini kichwani nilikuwa bado nasukuma lori mlimani. Tena tulichagua kiangazi. Tulikaa juu ya ardhi iliyopasuka, ngumu kama tofali, tukachagua matairi ya masika.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Mvua za mwisho zikakawia kuondoka, mpunga umeiva, majaruba bado yana maji. Yohana, dereva wetu yule wa Njombe, aliniambia mapema kabisa, "Mama Subilaga, haya matairi yanakata kama kisu." Nikamjibu, "Ndiyo kazi yake." Siku ya kwanza tu Jogoo akazama mpaka tumboni. Na kwa vile hageuki ila kwa kuzunguka, kila Yohana alipojaribu kumgeuza alizidi kujichimbia. Mzee Masanja akaletwa na maksai wake. Akainama, akachungulia chini ya mashine kama mtu anayetafuta kuku.

"Mama Subilaga!"

"Naam."

"Kule chini penye changarawe, tumeshafika au bado?"

Kijiji kizima kilikuwepo. Hata wewe ulicheka, nilikuona. Na mimi nikasema maneno ambayo mpaka leo yananirudia nikiwa nafua, nikiwa napalilia, popote. Nikasema, "Matairi hayana kosa. Dereva anageuza ovyo."

Yohana alikuwa amesimama pale, tope mpaka kiunoni. Alichukua jembe akaendelea kufukua gurudumu.

Msimu uliofuata mwenyekiti akataka tuombe matairi mapana. Nikapinga tena. Nikasema tumjaribu Yohana msimu mmoja zaidi, akishindwa tutafute dereva mwingine. Wakanisikiliza, maana nilikuwa nimejifunza kusema. Akazama tena, mara nyingi kuliko mwanzo. Mpunga uliolala majini ukachipua ndani ya magunia. Ule tuliouanika upya, mashine ilipoukoboa, ukatoka chenga tupu. Uliobaki tukaubeba kichwani. Mama yake Neema aliteleza na gunia kwenye ukingo wa jaruba, na nyonga yake unaiona inavyokwenda mpaka leo. Kila nikimsalimia ananiitikia vizuri, na hiyo ndiyo inayonichosha zaidi.

Kisha Yohana akaja hapa mlangoni asubuhi moja, ameoga, amevaa viatu.

"Mama Subilaga, mimi narudi Njombe."

"Umechoka kazi?"

"Kazi sijaichoka."

Akakupa mkono wewe, akampa Ipyana, akanipa mimi wa mwisho. Akaenda.

Hayo yote unayajua. Usilolijua ni kwa nini. Unadhani ni kiburi, na mara moja uliniambia hivyo tukigombana, nikakupiga kofi. Haikuwa kiburi. Nilikuwa naogopa. Baba yako mdogo alikuwa akipita hapa kila jioni kuuliza nyumba hii ina mkubwa gani sasa. Alikuwa anataka kuhamia, na wazee wa ukoo hawakuona ubaya. Mahali pekee nilipokuwa mtu ni kwenye ile kamati. Nikadhani siku nikisema nilikosea, watasema, ndiyo hao wanawake, na yeye kesho yake atakuja na mkeka wake mkononi. Ndiyo maana niliyang'ang'ania matairi yale. Nilimtupia Yohana kosa langu kwa sababu yeye alikuwa na kwao pa kurudi, na mimi niliona sina.

Hofu inafanya hivyo, mama. Haikufanyi utetemeke, ungetetemeka watu wangekuhurumia. Inakufanya ujibu haraka, tena kwa sauti nzuri.

Mwishowe nilisimama. Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi ndiye niliyewapotosha. Tuombe mapana." Unajua walifanya nini? Hakuna. Mwenyekiti alisema, "Haya, tumesikia. Tuendelee na habari ya mfereji." Mzee Masanja akanisogezea benchi nikae. Nilirudi nyumbani nikiitafuta ile aibu niliyoiogopa misimu miwili, sikuiona njiani wala nyumbani. Baba yako mdogo hakuja na mkeka. Ila Yohana alikuwa ameshaondoka, na barua niliyomwandikia haikujibiwa, na sijui kama ilimfikia.

Matairi mapana yakaja. Kwa kuwa Yohana alikuwa amekufundisha ukitoka shule, mwenyekiti akasema, "Basi huyu binti aendeshe mpaka tupate mtu." Mtu hakupatikana, ukawa wewe. Na kweli, Jogoo alitembea juu ya tope kama bata. Nilikutazama umekaa kule juu, kitambaa umekifunga nyuma, na watu waliokuwa wakikuita "mtoto wa yule mama wa matairi" wakaanza kukuita kwa jina lako. Siku ile nilifurahi, ingawa sikukuambia. Nilikwambia uvae kitu kizito kifuani, upepo.

Lakini hata mapana nayo, kumbuka. Tairi jembamba likiharibu unaona, linaacha mtaro, kila mtu anaona. Lile pana halionyeshi. Kwa vile ulikuwa huzami, ukaanza kukatiza juu ya kingo za majaruba, njia ya mkato. Kingo zikalala kidogo kidogo, sawasawa, hakuna aliyestuka. Mpaka mwenyekiti akaamka akakuta jaruba lake limekauka na maji yote yako kwa jirani. Ukasema sungura wamechimba. Nami nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa bado na deni la Yohana. Siku ya pili ukaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, ukasema, "Ni mimi, si sungura," ukachukua jembe ukazijenga kingo kwa mikono. Sikukutuma. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala nasikia. Nilijiambia, huyu amenizidi, tena bado mdogo.

Na ile safari ya Chimala unaikumbuka. Upepo uliouacha mdogo kwa ajili ya tope ukakuharibia tairi kwenye barabara ngumu, ubavu ukapata joto ukapasuka. Tairi lile lile lililokuwa mfalme majarubani, pale barabarani halikufaa hata kuegemea.

Sasa Idodi. Unasema hujawahi kufika upande huo wa Iringa. Umewahi. Ulizaliwa huko. Baba yako alipata kazi ya kutengeneza barabara, akanichukua kutoka milimani nikiwa na mimba yako, sijui Kihehe hata cha kuomba chumvi. Nilishuka na miguu mitupu kama tulivyozoea kwetu, kwenye majani na udongo laini. Sikufika mbali. Kule miiba ni mirefu, myeupe, inalala imetazama juu. Na mawe hayakai juu ya ardhi uyaone, yamekaa ndani, yamechungulia ncha tu. Nikakaa chini nikalia, na si kwa mwiba peke yake.

Mama mmoja Mhehe, jirani yetu, akaja. "Kamwene," akaniambia, ndivyo wanavyosalimiana, nawe ukifika uitikie hivyo hivyo, watafurahi. Akanishika mguu akauweka kwenye paja lake, akautoa mwiba kwa sindano.

"Kwenu hakuna miiba?"

"Hakuna."

"Kwenu pazuri," akasema. "Lakini umeshuka huku." Akavua katambuga zake akanivalisha. Zilikuwa kubwa. Nilizivaa mpaka siku ya kukuzaa.

Ndiyo maana uliposema "mapana kabisa" niliuona ule mwiba. Tairi la upepo mdogo lina ubavu laini, na kule jiwe linachungulia na mwiba umelala. Labda watahitaji membamba, magumu, yenye ngozi nene. Lakini tena nakumbuka makorongo yao, mchanga mtupu, kiangazi huoni tone la maji na mguu unazama mpaka kifundoni. Kama kazi yao ni kuzoa mchanga humo, huenda mapana ndiyo sawasawa na mimi nakusumbua bure. Sijui, Subilaga. Nakuandikia ukurasa mzima kukuambia sijui. Ningekuwa najua ningekuambia, unanijua. Ninachojua ni kwamba wewe nawe hujui, na ulijibu kama unayejua.

Ukifika, mwombe msimamizi akutembeze kazi itakapofanyika. Si barabarani, ndani kabisa. Tembea kwa miguu, ila vaa viatu, nimekwisha kukusimulia. Waulize wanaopita hapo kila siku, wakati wa mvua panakuwaje. Kisha umwambie, "Mzee, kule Ubaruku nilijibu haraka. Nilijibu ya kwetu." Ni maneno machache. Mimi yalinichukua misimu miwili na dereva mmoja mwema.

Najua unaniuliza moyoni, nitasemaje hivyo siku ya kwanza, na wananitazama kama nitashindwa? Nikisema sijui, si watanirudisha? Na nikirudishwa, si kuna ng'ombe zizini?

Hapo ndipo nimefikiri sana tangu msimamizi aondoke. Nimefikiri nikipandikiza, nimefikiri kanisani, Mungu anisamehe. Nimeona siwezi kukuambia useme kweli huku nimekufungia ng'ombe nyuma. Mtu aliyefungiwa ng'ombe nyuma atajibu kama nilivyojibu mimi. Atamtupia kosa dereva mwenzake, atasema ni sungura.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokuwa Chimala kuulizia basi, nimewafungua. Yule mwekundu na ndama wake. Nimewaswaga mwenyewe mpaka kwa Mzee Masanja, na matope yalivyo, ndama alikwama mara mbili nikamsukuma kwa bega. Ndilo gauni uliloliona kwenye kamba ukaniuliza mbona nimefua leo.

Mzee Masanja alikuwa anasuka kamba. Aliniona tangu mbali, akaacha.

"Mama Subilaga, ng'ombe wangu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Ni wazuri."

"Wamekula mboga zako?"

"Hapana, mzee. Nimewarudisha kwa sababu binti anakwenda kazini, na sijui atarudi lini, na sitaki arudi kwa ajili yao."

Akamtazama ndama. "Na shemeji yako anasemaje?"

"Sijamwuliza."

"Hee! Hujamwuliza?" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. "Na maziwa mliyokunywa tangu Krismasi, hayo nayo umeyaleta?"

"Hayo yamekwisha kuwa mtoto, mzee. Ukitaka nikuletee Ipyana."

"Mlete, achunge." Akasimama, akafungua zizi lake, ng'ombe akaingia bila kugeuka nyuma. Luhende alikuwa pale mlangoni. Alinishika mkono kwa heshima, nami nikamwonea huruma, kwa kuwa yeye pia hakuna aliyemwuliza. Wakati naondoka mzee akaniita. "Mama Subilaga. Kuna kijiji kizima cha kuniambia sikufanya sawa kuwapokea tena ng'ombe hawa. Wewe usijali. Mjali huyo shemeji yako."

Na kweli. Nilipofika nimemkuta amekwisha kusikia. Amesimama uani ametazama zizi. Amesema mengi, mengine sitayaandika kwenye barua ya mtoto. Amesema nimemvunjia heshima mbele ya akina Masanja, watu waliohamia hapa kutoka mbali. Nimemwambia, "Shemeji, ndivyo, nimekuvunjia heshima, nisamehe. Ng'ombe hawarudi." Nimemwambia nikiwa nimesimama, Subilaga. Miguu ilikuwa inaniuma lakini nilisimama mpaka akaondoka. Leo anakula kwake. Kesho na keshokutwa pia, nadhani. Wazee wa ukoo wataniita. Nitakwenda.

Sitakuambia haya leo ukirudi kusukwa, ungegoma kuondoka, nakujua. Ukiuliza ng'ombe wako wapi nitasema wamelala kwa Masanja, na sitakuwa nimesema uongo.

Basi nenda. Ukikosea huko, sema siku ile ile, kabla hujapata sauti nzuri ya kulifunika kosa lako. Wakikuongeza muda, kaa. Wakikufukuza, panda basi uje nyumbani kama mtu yeyote aliyekosa kazi. Utalala, utakula, asubuhi tutakwenda jarubani. Hakuna atakayekungoja hapa na kamba mkononi.

Nakusikia unacheka kwa akina Neema, kumbe hata sauti ya kucheka inafika mpaka huku. Giza linaingia na bado sijaosha vyombo.

Ipyana ameshika kikombe chake, ameulizia maziwa. Nimempa uji wa chumvi. Amenuna, amenipa mgongo, halafu ameunywa wote.

Mimi mama yako,
Tupokigwe